Lenzi Kwanza, Mwili Baadaye
Mhadhara kwa vijana wa Malindi, Unguja, wanaoanza kupiga picha



Nimeombwa nizungumzie swali ambalo vijana wa mitaa hii huniuliza kwa maneno yaleyale: "Mwalimu, ninunue kamera gani?" Nitalijibu hapa hapa mwanzoni, ili mwenye haraka ya kurudi dikoni asitoke mikono mitupu. Nunua mwili wa kamera uliokwishatumika, wa bei ya chini kadiri utakavyoupata mzima. Fedha nyingi zaidi ziweke kwenye lenzi moja yenye kitundu kikubwa. Na fungu la tatu, ambalo karibu kila anayeanza hulisahau, litenge kwa kuilinda kamera na kuihifadhi picha baada ya kupigwa. Muda uliobaki nitautumia kueleza sababu zake, nazo ni za hapa: mwanga wa hapa, vichochoro vya hapa, chumvi ya hapa, na watu wa hapa.

Suala la vifaa kukataana na mahali si geni katika mji huu. Mwaka 1860 James Augustus Grant aliteremka Unguja pamoja na John Hanning Speke wakijiandaa kwenda bara kutafuta chanzo cha Mto Nile. Alikuja na kamera ya kupiga picha pacha, na picha alizopiga hapa mjini ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za Zanzibar tunazozijua. Kazi ya siku hizo ilikuwa ya vioo na kemikali. Mpiga picha huyo aliviandaa vioo vyake, na baadaye akavisafisha, ndani ya kihema kidogo kisichopitisha mwanga. Safari ilipoanza kuelekea bara, joto la kihema kile likawa la kuhofia uhai wake, na kuzibeba zana zenyewe ikawa taabu juu ya taabu. Picha zikaachwa. Grant akashika penseli na rangi za maji, na sehemu kubwa ya tunachokiona leo cha safari ile ni michoro yake. Kamera yake haikuwa mbovu. Ilikuwa ya kazi nyingine na hali ya hewa nyingine. Kijana anayeagiza vifaa kwa kufuata sifa alizozisikia kwa mpiga picha wa nchi ya baridi, mwenye studio na umeme usiokatika, anaifuata njia hiyohiyo.

Basi tuanze na uchochoro.

Ukiingia Malindi kutoka Barabara ya Mizingani, baada ya hatua chache tu ukuta wa kulia na wa kushoto unakuwa karibu kiasi kwamba watu wawili wenye mizigo lazima wapishane kwa salamu. Hapo ndipo utakapopiga picha zako nyingi: mzee barazani, fundi mlangoni pake, watoto wanaotoka chuoni. Sasa chukua kamera ya Canon ya sensa ndogo, zile wanazoanza nazo watu wengi, uifunge lenzi ya milimita 50 ambayo kila mtu hukusifia kwa urahisi wake. Ukitaka kumpiga mtu mzima kutoka kofia mpaka makubadhi, na nafasi kidogo juu na chini, utahitaji kurudi nyuma zaidi ya mita 4. Katika vichochoro vyetu vingi, mita 4 nyuma yako ni ukuta wa nyumba ya jirani. Lenzi ya milimita 35 kwenye Nikon ya sensa ndogo itakutaka usimame kama mita 2.8 hivi. Ya milimita 24 kwenye Canon ileile itakutosha mita 2. Hesabu hii haimo katika matangazo ya kamera, lakini ndiyo itakayoamua kama utapiga picha ya mtu au ya mabega yake.

Milimita 50 inasifiwa kwa haki. Canon wameiuza lenzi yao ya bei nafuu ya milimita 50 yenye f/1.8 kwa miaka mingi (namba ya f ikiwa ndogo, kitundu ni kikubwa), na toleo la mwaka 2015 ni imara na halina kelele nyingi. Kwenye sensa ndogo ya Canon inaona eneo lilelile ambalo milimita 80 ingeliona kwenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24. Ni lenzi nzuri sana ya uso na mabega. Basi anayetaka kupiga sura za watu katika ukumbi au uwanja, ainunue. Anayetaka kuupiga mtaa, atafute milimita 24 au 35 kabla ya hiyo.

Kutoka uchochoroni twende ukumbini. Malindi ni nyumbani kwa Ikhwan Safaa, chama cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905, na sidhani kama yupo kijana wa mtaa huu aliyekamata kamera asitamani kuwapiga picha wapiga kanuni, udi na fidla. Mwanga wa kumbi zetu usiku ni hafifu. Macho yanauzoea, kamera haiuzoei. Tuseme kwa lenzi yenye f/1.8 unapata picha nzuri kwa shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ya sehemu moja ya 125 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ya 1600. Ukiirudisha ile lenzi ya kuvuta inayokuja dukani pamoja na kamera, ya milimita 18 mpaka 55, ukaivuta mpaka mwisho, kitundu chake kikubwa kabisa hapo ni f/5.6. Kinapitisha mwanga mdogo kiasi cha mara 10. Sasa una njia mbili. Uteremshe shata mpaka sehemu moja ya 13 ya sekunde, na vidole vya mpiga kanuni vitakuwa wingu. Au upandishe ISO mpaka 16,000, na kamera nyingi za bei ya mwanzo zikifika huko huijaza picha chenga. Mwili wa kamera wa bei kubwa zaidi ungekupunguzia chenga hizo, ni kweli. Lakini fedha ambazo ungeongeza kupata mwili huo ni nyingi mno kulinganisha na bei ya lenzi moja ya f/1.8, na lenzi inakupa ile mara 10 papo hapo. Kwa sababu hiyo nasema lenzi kwanza.

Mwili je? Watu wananiuliza megapikseli, nami nawarudishia swali: utaichapisha picha kwa ukubwa gani? Karatasi ya A4 yenye nukta 300 kwa kila inchi inahitaji megapikseli 8.7. A3 inahitaji 17 na kidogo. Kamera ya megapikseli 24, na hizo zimejaa sokoni kwa zaidi ya miaka kumi, inachapisha picha ya sentimita 50 kwa 34 bila kudanganya. Kwenye simu ya anayetazama, hata megapikseli 3 zinatosha. Basi mwili wa zamani si aibu. Nikon D5300 ya mwaka 2013, D3500 ya mwaka 2018, Canon 2000D ya mwaka huohuo, au Sony a6000 ya mwaka 2014, zote zina megapikseli 24, na yoyote kati ya hizo ikipatikana nzima itakufundisha kila kitu unachohitaji kujifunza kwa miaka mingi. Canon na Nikon wamehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, ndiyo maana zile za kioo zinauzwa kwa bei ya huruma. Hii ni riziki kwa anayeanza.

Katika kuchagua baina ya aina hizo mbili nina rai yangu. Kamera isiyo na kioo ni ndogo, haipigi kelele, na nyingi za sasa hulifuata jicho la mtu zenyewe. Lakini inakula betri. Nikon D3500 ilipimwa kiwandani kuwa inafika picha 1,550 kwa chaji moja. Sony a6000 haifiki hata 400. Wenye umri wa kukumbuka wanajua tulivyokaa bila umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima kikiishi kwa jenereta. Hali ya sasa si ile, ila umeme kukatika jioni ya harusi si hadithi. Anayechagua isiyo na kioo anunue betri mbili za ziada siku hiyohiyo, na aziingize katika hesabu ya bei tangu mwanzo.

Kuna mtego mmoja niutaje kwa jina, maana umewaumiza wengi. Kamera ndogo za Nikon za jamii ya D3000 na D5000 hazina mota ya kulenga ndani ya mwili. Lenzi za zamani zenye alama ya D, mfano ile 50 ya f/1.8D inayouzwa rahisi sana mitandaoni, zitaingia na zitafunga vizuri, lakini hazitajilenga zenyewe. Utazungusha kwa mkono. Mwenye Nikon ya jamii hiyo atafute lenzi zenye alama ya AF-S. Ile ya milimita 35 yenye f/1.8 iliyotoka mwaka 2009 kwa ajili ya sensa ndogo ndiyo ninayoipendekeza kabla ya nyingine yoyote, maana inakidhi uchochoro na ukumbi kwa pamoja. Mwenye Canon hana lenzi moja ya bei hiyo inayokidhi yote mawili. Ile ya milimita 24, nyembamba kama andazi, ina f/2.8, na ile ya 50 ina f/1.8 lakini inakutaka mita 4. Achague kwa kuangalia anapopiga zaidi, mchana mtaani au usiku ukumbini.

Na asiye na fedha ya hata mwili wa mtumba, asingoje. Simu aliyonayo ni kamera yenye lenzi pana, inayotazama takriban kama milimita 24 mpaka 28 za sensa kubwa, na uchochoroni mchana inafanya kazi njema. Itashindwa usiku, na itashindwa kwa mtu aliye mbali. Mfano ni mpiga picha Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Kamera yake ya kwanza ya utotoni ilikuwa Box Brownie ya mtumba, kisanduku ambacho lenzi yake hailengwi. Mwaka 1963 akaanzisha Camerapix hapo Dar es Salaam, mwaka uliofuata akaja kupiga picha za Mapinduzi hapa kwetu, na mwaka 1984 filamu yake ya njaa ya Ethiopia ikaitikisa dunia. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia. Simsemi ili kuwaambia vifaa havina maana. Alipofika kwenye kazi kubwa alikuwa na vifaa vikubwa. Nasema alianza na alichokipata, akaongeza kifaa kila kazi ilipomdai.

Sasa tufanye biashara. Unakutana na muuzaji, ana kamera ya mtumba, anasema ni mpya kabisa. Usimbishie, iombe kamera mkononi. Ibane kwa f/16, ielekeze kwenye ukuta uliopakwa chokaa, na hizo hatuna uhaba nazo, upige kisha uivute picha kwenye kioo cha nyuma. Madoa meusi yanayokaa pahala pamoja katika kila picha ni vumbi juu ya sensa. Vumbi husafishwa. Mkwaruzo hausafishwi. Uliza shata imepiga mara ngapi. Nyingi za kiwango cha mwanzo hutarajiwa kufika 100,000 hivi, na zipo programu za kompyuta zinazosoma hesabu hiyo ndani ya picha yenyewe kwa baadhi ya kamera. Angalia pini za mahali pa memori kadi. Angalia betri kama imevimba. Kisha ivue lenzi, fungua kitundu chote, na umulike tochi ya simu kutoka nyuma huku ukitazama mbele. Ukiona vijiuzi vyeupe vilivyotambaa ndani ya kioo kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Rudisha lenzi kwa adabu na uondoke, hata akishusha bei nusu. Kuvu hula kemikali iliyopakwa juu ya kioo na hurudi baada ya kusafishwa, na haifai kuiweka lenzi ya namna hiyo sanduku moja na nzima.

Hapa kwetu kuvu ndiyo adui mkubwa kuliko mwizi. Hewa ya Unguja hupita unyevu wa asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, na masika ikiingia kabati la nguo huwa ni shamba la kuvu. Lenzi inapenda asilimia 40 mpaka 50. Makabati ya umeme ya kukausha yapo na ni ghali. Dishi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na ndani yake vifuko vya silika, linafanya kazi ileile kwa bei ya chakula cha mchana. Nunua silika ya rangi ya machungwa inayogeuka kijani ikishiba maji, ili ujue wakati wa kuikausha jikoni na kuitumia tena. Usiihifadhi kamera ndani ya begi lake la ngozi au la sponji, maana begi linahifadhi unyevu. Na kamera isiyotumika ndiyo inayoota kuvu mapema, kwa hiyo itoe mara kwa mara, uizungushe lenzi, uipigishe.

Chumvi nayo ina hila zake. Alfajiri diko la Malindi linapokuwa limechangamka, vyombo vinashusha, mnada unapigwa, upepo wa kusi unarusha matone usiyoyaona. Ukirudi nyumbani usikimbilie kufuta kwa kitambaa kikavu. Utaisugua chumvi juu ya kioo. Futa mwili kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi, kisha kikavu. Kwenye kioo cha mbele weka filta ya kulinda ukiwa pwani, na uivue ukiwa ukumbini, maana taa za jukwaani hurudi na kuzaa vivuli vya mwanga ndani ya picha. Na unapotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mpaka ipate joto la nje. Usipofanya hivyo lenzi itatoa jasho papo hapo, na jasho hilo likiingia ndani ndiyo mbegu ya ile kuvu.

Niongeze neno la adabu ya pahala, kwa sababu nalo ni sehemu ya kuchagua kifaa. Soko la samaki ni la watu wanaotafuta riziki, na bandari yenyewe iliyo ubavuni mwake ni eneo la ulinzi ambalo hupigi picha bila ruhusa. Kamera ya kuruka inahitaji vibali vya mamlaka ya usafiri wa anga na vya wizara ya ulinzi, basi asianze nayo mtu ambaye hajajua hata kusimama mbele ya mvuvi akamsalimia. Lenzi ndefu ya milimita 300 huwavutia wanaoanza kwa sababu inawaruhusu kumpiga mtu bila ya kuzungumza naye. Kwa sababu hiyohiyo siipendekezi. Watu wa hapa wanayo haki ya kukubali au kukataa sura zao, na lenzi ya mita 2 inakulazimisha uombe.

Flashi ni kifaa cha pili cha kununua baada ya lenzi, na hapa pia nyumba zetu zina masharti yake. Vitabu vinakufundisha uielekeze flashi darini ili mwanga ushuke laini. Nyumba za Mji Mkongwe zina dari ya boriti, ndefu na nyeusi, na mwanga ukienda huko haurudi. Uelekeze kwenye ukuta wa chokaa wa pembeni. Ukuta mweupe wa upande mmoja unampa bibi harusi mwanga wa dirisha ambao hata taa za studio zinauhangaikia. Kwa hiyo nunua flashi ambayo kichwa chake kinageuka pande zote, hata kama ni ya mkono na haina hesabu za kujiendesha. Ile ndogo iliyojengewa juu ya kamera haigeuki pembeni.

Halafu kanzu. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kila kitu ulimwenguni ni kijivu cha wastani. Ukimlenga mzee mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe, kamera huogopa, hupunguza mwanga, na kanzu inatoka ya kijivu huku uso wa mzee ukipotea gizani. Kwa mama mwenye buibui jeusi hufanya kinyume, na uso ukaungua. Kitufe chenye alama ya jumlisha na toa ndicho dawa yake: ongeza kwa kanzu, punguza kwa buibui. Unapoijaribu kamera dukani angalia kama kitufe hicho unakifikia bila ya kuondoa jicho. Nakipa uzito kuliko idadi ya picha kwa sekunde, ambayo wauzaji huitaja kwa sauti kubwa. Na piga kwa faili ghafi (RAW) badala ya JPEG unapopata nafasi, maana uso uliotoka giza kidogo utaurudisha baadaye bila kuuharibu.

Nije kwenye harusi, kwa sababu ndizo zinazowalipa wengi wenu, na nataka kuzungumza zaidi na mabinti mliokaa upande ule. Kwenye harusi zetu kuna vikao vya wanawake peke yao, ambamo hakuna mwanamume anayeingia, na ambamo bibi harusi na mashoga zake wamejipamba wamevua mitandio. Picha za vikao hivyo zinatakiwa sana, na wanaoweza kuzipiga kwa ustadi bado ni wachache kuliko kazi iliyopo. Binti mwenye lenzi ya 35, flashi moja inayogeuka na adabu njema ana kazi inayomngoja.

Lakini pia ana amana nzito kuliko mpiga picha mwengine yeyote. Memori kadi yenye picha hizo ikipotea, heshima ya familia nzima imepotea nayo. Basi vifaa vyake vichaguliwe kwa amana hiyo. Asiazimishe kadi. Asipeleke faili kwa fundi wa kuchapisha asiyemjua. Aone mwenyewe kila karatasi inavyotoka na aondoke na zilizoharibika. Kompyuta anayofanyia kazi na diski anayohifadhia ziwe na nywila, na simu yake isiunganishwe na kamera kwa programu inayopandisha picha mtandaoni yenyewe. Wateja wa aina hii hawaulizi una kamera gani. Wanauliza kwa mama zao ni nani aliyepiga harusi ya fulani na picha zikabaki ndani ya familia ile. Nimeliona hili mara nyingi: mpiga picha mwenye mwili wa bei ya chini akiitwa nyumba baada ya nyumba, kwa sababu hiyo tu.

Rahisi ghali, walisema wazee, na hakuna pahala panapostahiki msemo huo kuliko memori kadi. Kadi za bandia zimejaa, zimeandikwa gigabaiti 128 na ndani zina 8. Ukinunua kadi, ijaze mpaka iseme imejaa, kisha ihamishie yote kwenye kompyuta uone kama kila faili linafunguka. Faili ghafi la megapikseli 24 lina uzito wa megabaiti 25 hivi, kwa hiyo kadi halali ya gigabaiti 32 inabeba picha zipatazo 1,200. Kadi mbili za ukubwa huo ni bora kuliko moja kubwa, maana siku moja ikifa, nusu ya harusi imesalimika.

Sasa nimefika kwenye fungu la tatu la fedha zenu. Mwaka 1930 Ranchhod Oza, aliyekuwa amefanya kazi katika studio ya Mgoa A. C. Gomes, alifungua yake mwenyewe hapa mjini, akaiita Capital Art Studio. Alimpiga picha Sultani Khalifa bin Harub, akapiga sherehe na watu wa mji huu, na mwanawe Rohit Oza akairithi kazi. Ukiingia katika duka lile Barabara ya Kenyatta unatazamwa na kuta zilizojaa picha nyeusi na nyeupe za Zanzibar ambayo wengi wenu hamkuiwahi. Watu wanaoingia hapo wanataka picha. Sijamsikia anayeuliza ilipigwa na kamera gani. Kilichoifikisha picha kwetu ni kwamba mtu aliihifadhi filamu, katika hewa hii hii, miaka na miaka, na akaendelea kuichapisha. Na majengo nayo hupotea: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilianguka, na tangu siku ile kila picha nzuri ya jengo lile, hata ya mwanafunzi, imekuwa hati.

Kwa hiyo, siku unapohesabu fedha za kamera, hesabu humohumo diski mbili za kuhifadhia. Moja ikae kwako, ya pili ikae nyumba nyengine kabisa, kwa dada yako Ng'ambo au kwa shangazi Fuoni, kwani moto, maji na mwizi haviingii nyumba mbili siku moja. Na tenga kidogo kila mwezi cha kuchapisha. Picha iliyochapishwa na kupewa mwenye sura yake inapata mlinzi wa pili bila ya gharama, na wewe unakaribishwa tena barazani pale.

Bado kitu kimoja cha kuhifadhi hakinunuliwi dukani. Studio za Gomes na za ndugu Coutinho zilitoa kadi za posta nyingi za watu wa mji huu. Ukizitazama leo unakuta mtu ameandikwa kwa kabila lake, au kwa kazi yake, au kwa uzuri wake. Jina hakuna. Wapo wajukuu wa watu hao humu mjini wasioweza kuwatambua bibi zao. Kila faili la picha lina sehemu ya maandishi ndani yake, na programu za bure za kompyuta zinaifungua. Usiku huohuo, kabla hujalala, jaza pale: jina la mtu kama alivyolitamka mwenyewe, mtaa wake, tarehe, alikuwa anafanya nini, na kama alikubali picha itolewe nje au ibaki kwako. Akitaka isitolewe, liandike hilo pia, ili atakayeirithi diski yako alijue.